Kuongeza draivu kwenye IBM PC ya mwaka 1981, hatua kwa hatua

IBM PC modeli 5150 ilitangazwa Agosti 12, 1981 ikiwa na nafasi mbili za draivu mbele. Nyingi zilizobaki hadi leo zina draivu moja tu ya disketi, na upande wa pili umezibwa kwa kifuniko cheusi. Mashine ya namna hiyo inafanya kazi, ila kunakili disketi moja ni kuchomoa hii na kuingiza ile, mara nne, mara tano, hadi unajisahau ipi ni ipi. Ukiipa draivu ya pili, na baadaye diski ngumu, inakuwa kompyuta unayoweza kukaa nayo mchana kutwa ukiandika, ukichora majedwali, ukijifunza lugha za kuandikia programu.

Naandika kwa ajili ya 5150. XT, yaani 5160 ya Machi 1983, ni mdogo wake wa kuzaliwa, na pale wanapotofautiana nitasema. Jambo moja nakuomba ulishike tangu mwanzo: ongeza kitu kimoja, kijaribu hadi uridhike, ndipo uongeze kingine. Mashine hizi hazina njia ya kukueleza kwa kirefu kilichoharibika. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na ikakataa kuwaka, utakuwa na washukiwa watatu na hakuna shahidi.

Hatua ya 1: Hesabu umeme kabla ya kununua

Wengi huanza na jampa za draivu, yaani vibanio vidogo vya kuunganisha pini ili kuchagua mpangilio. Mimi naanza na pawa saplai, kwa sababu jampa ikikosewa inarekebishika kwa kidole, lakini umeme ukizidiwa unaweza kuondoka na chipu ambazo hazitengenezwi tena.

Pawa saplai ya asili ya 5150 ni ya wati 63.5. Inatoa ampea 7 kwenye volti 5, ampea 2 kwenye volti 12, ampea 0.3 kwenye hasi 5, na ampea 0.25 kwenye hasi 12. Zidisha kila moja kisha ujumlishe, utapata 63.5 kamili. Volti 5 ndiyo inayolisha chipu zote: bodi kuu, kadi, na bodi ndogo iliyo juu ya kila draivu. Volti 12 inazungusha mota. Sasa zitazame zile ampea 2 za volti 12. Draivu mbili za disketi zinatosha humo, maana mashine iliundwa kuzibeba. Lakini diski ngumu ya miaka ile, wakati sahani zake zinaanza kuzunguka kutoka kusimama, mara nyingi hunyonya zaidi ya ampea 2 peke yake. Ndiyo maana XT, iliyotoka na diski ngumu ya megabaiti 10, ilipewa pawa saplai ya wati 130 yenye ampea 4.2 kwenye volti 12.

Kwa hiyo: draivu ya pili ya disketi, endelea bila wasiwasi. Diski ngumu ya zamani inayozunguka, tafuta kwanza pawa saplai ya XT au ya kisasa iliyotengenezwa kwa umbo lake. Kadi ya kumbukumbu inayojifanya diski, ambayo nitaieleza mbele, haina mota na pawa saplai ya asili inaibeba bila kuhema.

Usiipime pawa saplai ikiwa imetolewa na kuwekwa mezani peke yake. Hizi zinahitaji mzigo ndipo ziwake na kutulia. Iache ndani, mashine ikiwa imewaka na draivu yake moja, na upime kwenye plagi ya draivu isiyotumika: waya mwekundu ni volti 5, wa njano ni volti 12, na mbili nyeusi katikati ni za kurudishia. Multimita ikisoma kati ya 4.75 na 5.25 kwenye mwekundu, na kati ya 11.4 na 12.6 kwenye njano, uko salama. Ikisoma nje ya hapo, simama. Sanduku lenyewe la pawa saplai usilifungue kama hujafundishwa kazi hiyo. Kapasita za ndani zinabaki na umeme wa kuua hata plagi ikiwa imetolewa ukutani.

Kama mashine imelala miaka mingi, iwashe jinsi ilivyo na uiache kama saa moja kabla hujagusa chochote. Kwenye bodi kuu na kwenye kadi kuna kapasita ndogo za tantalamu, zenye umbo la tone, na zile za njia ya volti 12 zinajulikana kwa kupiga shoti baada ya usingizi mrefu. Nyingine hupasuka kwa sauti kali na moshi kidogo, nyingine zinaifanya pawa saplai ijizime tu na mashine ikae kimya. Ni heri hilo litokee kabla hujaweka draivu mpya, ili usije ukailaumu draivu isiyo na kosa.

Hatua ya 2: Pata draivu inayofaa, na uisafishe

Unachotaka ni draivu ya inchi 5.25, ya pande mbili, ya kilobaiti 360. Hesabu yake ni hii: njia 40 (yaani miduara ya kuandikia data), pande 2, sekta 9 kwa kila njia, baiti 512 kwa kila sekta. Jumla ni baiti 368,640. Ikumbuke namba hiyo, tutaihitaji tena. 5150 za kwanza kabisa zilikuwa na draivu za upande mmoja, kilobaiti 160, na kama yako ni hiyo, fikiria kuibadilisha hiyo pia.

Ya kukwepa ni draivu ya megabaiti 1.2, iliyokuja na IBM AT mwaka 1984. Kwa sura zinafanana sana, ila hiyo ina njia 80, inazunguka mara 360 kwa dakika badala ya 300, na inapeleka data kwa mwendo ambao kadi ya disketi ya 5150 haiwezi kuufuata. Usitegemee picha ya muuzaji, omba namba ya modeli iliyo kwenye lebo. Tandon TM100-2 ni kilobaiti 360, na TM100-1 ni ya upande mmoja. Teac FD-55BV ni kilobaiti 360, ilhali FD-55GFR ni ile ya megabaiti 1.2. Herufi moja mbili tu, na umenunua kitu kingine.

Ikifika, usiiunganishe siku hiyohiyo. Ifungue juu, itazame chini ya taa. Vichwa vya kusomea viko viwili, kimoja chini na kimoja juu kwenye mkono wenye springi. Chukua kijiti cha pamba, kiloweshe kwa spiriti ya isopropili isiyo na maji mengi, na usugue kichwa cha chini taratibu, kwa mwendo mmoja. Mara ya kwanza pamba yangu ilitoka na mstari wa kahawia, rangi ya kutu iliyokolea. Hiyo ni sumaku iliyobanduka kwenye disketi za watu miaka arubaini iliyopita. Nikarudia kwa kijiti kipya hadi pamba ikatoka nyeupe. Kichwa cha juu kinyanyue kidogo tu, upana wa karatasi chache, kisafishe, kisha kirudishe kwa mkono usikiachie. Ukikivuta juu sana springi yake inalegea, na tangu hapo draivu itasoma upande mmoja vizuri na upande wa pili kwa kubahatisha.

Reli ambazo vichwa vinateleza juu yake zipanguse, kisha tia tone moja la mafuta mepesi ya mashine. Sukuma vichwa kwa kidole huku umeme haupo: vinapaswa kwenda na kurudi bila kukwama popote. Mkanda wa mpira ulio chini, kama draivu yako ina mkanda, ukiwa umepasuka au umelegea, ubadilishe.

Hatua ya 3: Elewa kebo kabla ya kuichomeka

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kadi ya disketi ya IBM inaunganishwa na draivu mbili kwa kebo bapa moja ya nyaya 34. Inatoka kwenye kadi, inafika kwenye plagi ya katikati, halafu inaendelea hadi plagi ya mwisho. Kati ya plagi hizo mbili za draivu, nyaya saba, kutoka ya 10 hadi ya 16, zimekatwa kutoka kwa wenzake, zikapinduliwa, zikarudishwa. Msokoto huo ndio unaoamua ipi ni A na ipi ni B. Si jampa.

Tazama jinsi inavyofanya kazi. Katika kundi hilo, nyaya za namba witiri, 11, 13 na 15, ni za kurudishia umeme tu. Zenye kazi ni nne: 10 inawasha mota ya A, 12 inaichagua B, 14 inaichagua A, 16 inawasha mota ya B. Draivu zote mbili zinawekewa jampa ya aina moja, ile ya nafasi ya pili, inayoandikwa DS1 pale ambapo hesabu inaanzia DS0. Draivu yenye jampa hiyo inasikiliza pini ya 12 kujua kama imechaguliwa, na pini ya 16 kujua kama iwashe mota. Iliyo kwenye plagi ya katikati, kabla ya msokoto, inapata nyaya zilivyo: inachaguliwa kama B, mota inawashwa kama B. Iliyo mwisho inapata kundi likiwa limepinduliwa, 16 imekuwa 10 na 12 imekuwa 14, kwa hiyo inaitika kwa jina la A. Draivu yenyewe haijui lolote kuhusu hilo.

Ukishalielewa hili, hutasumbuka tena kuhamisha jampa huku na huku ukitafuta herufi. Weka zote DS1, ukitaka kubadilisha A na B, badilisha plagi. Lakini soma alama zilizochapishwa kwenye bodi ya draivu yako, maana baadhi ya watengenezaji huanza kuhesabu DS1 hadi DS4. Kwa hao, nafasi ya pili inaitwa DS2, na hiyo ndiyo yako.

Kitu cha pili ni rezista za mwisho wa kebo, zinazoitwa terminata. Kwenye draivu za inchi 5.25 ni kifurushi kidogo kinachofanana na chipu, kikiwa kwenye soketi karibu na plagi ya kebo. Kazi yake ni kuizuia ishara isigonge mwisho wa waya na kurudi nyuma kama mwangwi. Kinapaswa kuwepo kwenye draivu ya mwisho wa kebo peke yake. A inabaki nacho. B, iliyo katikati, kitoe kwa kukiinua taratibu upande huu na upande ule kwa ncha ya bisibisi nyembamba, ukihifadhi kwenye bahasha iliyoandikwa jina.

Hatua ya 4: Funga draivu B

Chomoa umeme ukutani. Gusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwili ushuke. Piga picha kila kebo jinsi ilivyokaa, kwa karibu, ukihakikisha mstari wa rangi pembeni mwa kebo unaonekana. Mstari huo ni waya wa 1.

Ondoa kifuniko cheusi, telezesha draivu ndani kutoka mbele, na ikaze kwa skrubu zake. Skrubu ndefu kuliko kipimo huingia hadi kwenye sehemu zinazozunguka, kwa hiyo tumia zilizokuja na mashine au zenye urefu uleule. Chomeka plagi ya umeme. Pembe zake mbili zimekatwa, haiingii kinyume usipoilazimisha.

Halafu kebo bapa. Ukingo wa bodi ya draivu una mkato mwembamba karibu na upande wa pini ya 1. Mstari wa rangi uelekee upande wa mkato. Plagi nyingi za zamani hazina kizuizi ndani yake, na zinakubali kuingia kinyume bila ubishi. Mimi iliwahi kunipata. Niliwasha mashine, taa ya draivu ikawaka palepale na haikuzimika, na mota ikazunguka mfululizo. Nilikuwa nimeacha ndani disketi ya DOS, mfumo unaoiendesha mashine. Kebo ikipinduliwa, pini zote za ishara za draivu zinakutana na nyaya za kurudishia umeme, na kwa draivu hizi waya ulioshushwa hadi sifuri maana yake ni amri: chagua, washa mota, na pia andika. Sekunde kumi zilitosha kufuta njia iliyokuwa chini ya kichwa, na disketi ile haikuwasha mashine tena. Draivu haikupata dhara. Basi ukiona taa inawaka bila kuzima tangu sekunde ya kwanza, zima mara moja, ujue kebo iko kinyume. Na jaribio la kwanza siku zote lifanyike bila disketi ndani.

Sasa swichi. Bodi kuu ya 5150 haina betri wala menyu ya mipangilio. Inaambiwa mambo kwa swichi ndogo. Tafuta SW1. Swichi ya 1 ikiwa OFF maana yake draivu za disketi zipo. Swichi za 7 na 8 zinaeleza idadi yake: zote mbili ON ni draivu moja; 7 ikiwa OFF na 8 ikiwa ON ni draivu mbili. Kwa hiyo unahamisha swichi moja tu, ya 7. Tumia ncha ya kalamu ya wino, si ya penseli, kwa sababu unga wa penseli unapitisha umeme. Kwenye XT swichi za 7 na 8 zina maana hiyohiyo.

Ukiisahau swichi hiyo, draivu mpya itakaa imekufa hata kama kila kebo iko sawa. DOS itadhani una draivu moja, na ukiandika `DIR B:` itakuambia uingize disketi ya B kwenye draivu A kisha ubonyeze kitufe. Ujumbe huo ukitokea, usifungue draivu. Rudi kwenye swichi.

Washa. Kama skrini inaonyesha 601, kadi na draivu hazielewani: angalia kebo, halafu jampa. Kama kimya, ingiza disketi ya DOS kwenye A na disketi tupu kwenye B. DOS iwe 2.0 au ya baadaye, kwani hiyo ya mwaka 1983 ndiyo iliyoleta sekta 9 na kilobaiti 360. Andika:

`FORMAT B:`

Sikiliza. Draivu nzima inapiga hatua kwa mdundo ulio sawa, njia baada ya njia, hadi arubaini. Mdundo ukikatika na kurudia mahali pamoja, ama disketi imechoka ama vichwa bado vichafu.

Jaribio la mwisho la hatua hii wengi hulipuuza, nami nakusihi usiliruke. Fomati disketi kwenye A, andika faili, isome kwenye B. Kisha fanya kinyume chake. Draivu inaweza kusoma vizuri yale iliyoyaandika yenyewe huku vichwa vyake vimehama kidogo kutoka mahali pa kawaida, na hutajua mpaka siku disketi yake itakapokataliwa kwingine.

Hatua ya 5, kwa anayehitaji: draivu ya inchi 3.5 au kiigizo cha disketi

Draivu ya inchi 3.5 inakubalika ikitumika kwa kilobaiti 720. Megabaiti 1.44 inahitaji kadi nyingine yenye mwendo wa kasi. Unahitaji DOS 3.2 au zaidi, na kwenye CONFIG.SYS, faili la mipangilio ambalo DOS hulisoma ikiwaka, uongeze mstari:

`DEVICE=DRIVER.SYS /D:1 /F:2`

Hapo `/D:1` ni draivu ya pili kimwili na `/F:2` ni kilobaiti 720. Draivu itapewa herufi mpya, na hiyo ndiyo utakayoitumia, si B. Tumia disketi halisi za kilobaiti 720. Zile za 1.44 zilizozibwa tundu kwa karatasi zina sumaku ngumu zaidi na maandishi yake hayadumu.

Njia ninayoipenda zaidi kwa kuhamisha faili ni kiigizo cha Gotek kilichowekewa famwea ya FlashFloppy. Kinakaa mahali pa draivu, kinapokea flashi ya USB, na kompyuta inaamini ina draivu ya kawaida. Kwa kebo yenye msokoto, jampa yake iwe S1, kwa sababu zilezile nilizoeleza juu ya DS1, na kwenye faili la FF.CFG andika `interface=ibmpc`. Picha za disketi, yaani mafaili yenye nakala kamili ya disketi, unazoweka kwenye flashi ziwe na ukubwa wa baiti 368,640 hasa. Picha iliyokatika baiti chache ndiyo chanzo cha malalamiko mengi kuhusu kifaa hiki. Hakitumii volti 12 kabisa.

Hatua ya 6: Diski ngumu

Kabla ya kutafuta kadi, soma tarehe ya BIOS, programu ya kuwashia iliyo kwenye chipu ya bodi kuu. Washa kwa DOS, endesha DEBUG, programu ndogo inayokuja nayo, na uandike:

`D FFFF:5 L 8`

Upande wa kulia utaona tarehe. Ikiwa 04/24/81 au 10/19/81, mashine haitazami ROM, yaani chipu zenye programu ya kudumu, zilizo kwenye kadi za nyongeza, na diski ngumu haitaiwasha. Unahitaji BIOS ya 10/27/82. Chipu yake inakaa kwenye soketi ya U33. Ni ya pini 24, kwa hiyo chipu ya 2764 ya pini 28 haiingii bila adapta. Motorola MCM68766 inaingia moja kwa moja, ukipata mtu mwenye kifaa cha kuiandika. XT zote hazina tatizo hili.

Sasa kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kadi ya aina ya XT-IDE au XT-CF, pamoja na kadi ya CompactFlash, ile kadi ya kumbukumbu niliyoitaja, badala ya diski. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayetaka kuitumia mashine. Haina mota, haina kelele, na kunakili diski yote kama akiba ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta ya kisasa. Kadi hizi zinaendeshwa na XTIDE Universal BIOS, na kwa kichakataji cha 8088 toleo lake ni `ide_xt.bin`. Ikiwa umeweka NEC V20 badala ya 8088, chukua `ide_xtp.bin`. Ichomeke kwenye sloti yoyote ya 5150. Kwenye XT epuka sloti ya 8, iliyo karibu na pawa saplai, kwani ina masharti yake na kadi nyingi hazisikiki zikiwa humo. Mara nyingi kadi hizi hutumia anwani ya 300h. Kama una kadi ya mtandao mahali hapo, mojawapo ihame.

Si kila CompactFlash inakubali kuwa diski. Ikikataa, jaribu ya mtengenezaji mwingine kabla ya kuishuku kadi ya sloti. Ikionekana, endesha FDISK, programu ya DOS ya kugawa diski, tengeneza sehemu, washa upya, halafu:

`FORMAT C: /S`

Na DOS 3.3 kila sehemu isizidi megabaiti 32. DOS 5 inafika gigabaiti 2, ila inakula kumbukumbu zaidi, nami huitumia pale tu mashine ina kilobaiti 640. Kama kadi iliwahi kutumika kwenye kamera na baada ya kufomati bado haiwashi mashine, endesha `FDISK /MBR` ya DOS 5.

Njia ya pili ni diski ngumu ya MFM, mtindo wa kurekodi wa enzi hizo, mfano Seagate ST-225 ya megabaiti 20: silinda 615, vichwa 4, sekta 17. Siwezi kumkataza mtu. Ile sauti ya sahani kupanda kasi na vichwa kujipanga ni sehemu ya mashine, na asiyewahi kuisikia hajaijua XT. Pawa saplai ya wati 130 hapa ni lazima. Kuna kebo mbili: ya data yenye nyaya 20, na ya amri yenye nyaya 34. Hii ya 34 inafanana mno na ya disketi, hata plagi zake, lakini msokoto wake uko kwenye nyaya 25 hadi 29. Zitazame zikiwa zimelala sambamba mezani, uzipachike karatasi yenye jina, usije ukazibadilishana.

Ukiiunganisha diski ya MFM na kadi tofauti na ile iliyoifomati, itabidi uifomati upya kuanzia chini kabisa. Iache izunguke nusu saa kwanza ipate joto, ikiwa imelala vilevile itakavyolala ndani ya kasha, maana vichwa vyake vinasogezwa na mota ya hatua na chuma kinatanuka kwa joto. Kwa kadi nyingi za Western Digital unaingia kwa DEBUG, kisha `G=C800:5`, na menyu inafunguka. Juu ya diski kuna lebo yenye orodha ya sehemu mbovu kwa namba za silinda na kichwa. Ziingize zote, hata kama ni nyingi na mkono unachoka. Ukimaliza, FDISK na FORMAT kama juu. Skrini ikitoa 1701, kadi haiioni diski: rudi kwenye kebo mbili zile. ST-225 haiegeshi vichwa vyake yenyewe, kwa hiyo kabla ya kuihamisha mashine hata hadi meza ya pili, endesha programu ya kuegesha.

Kwa njia zote mbili, swichi ya 1 ya SW1 inabaki OFF. BIOS itaijaribu A kwanza; ikikuta mlango uko wazi na hakuna disketi, itakwenda kwenye C.

Kabla ya kurudisha kasha, chukua karatasi ngumu, andika hali ya kila swichi ya SW1 na SW2, tarehe ya BIOS, ipi ina terminata, na silinda na vichwa vya diski. Bandika upande wa ndani wa kasha, mbali na matundu ya hewa. Kisha telezesha kasha taratibu huku mkono mmoja ukizishikilia kebo bapa chini, kwani ukingo wa chuma pale nyuma hukwangua plastiki ya kebo ikiwa imesimama juu.